Hilux iliyopandishwa na kutiwa tairi kubwa: nichague reshio gani ya difu?

SWALI: Assalaam alaykum. Nina Hilux dabo kebini ya dizeli 2.8, injini 3L isiyo na tabo, gia tano za mkono, ekseli ngumu mbele na nyuma. Nimeipandisha inchi mbili kwa springi, nikatoa tairi za 205/80R16 na kutia 285/75R16. Nipo Konde, na kazi yake kubwa ni kubeba karafuu na mizigo ya shamba mpaka Wete na Chake. Tangu nitie tairi hizi gari imekuwa nzito. Mlima niliokuwa nikiupanda kwa gia ya tatu sasa lazima nirudi ya pili, gia ya tano haina kazi, na klachi inanuka nikiondoka na mzigo. Fundi amehesabu difu (gia zilizo katikati ya ekseli, zinazopeleka nguvu kwenye tairi) akasema ni 4.10. Kuna mtu anauza la 4.556, mwengine 4.875, na nimesikia lipo la 5.29. Fundi anashauri nibadilishe la nyuma tu, maana fowili (kuvuta kwa tairi zote nne) siitumii kila siku. Nichukue lipi?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Chukua 4.875, na ulitie mbele na nyuma kwa pamoja. Shauri la kubadilisha nyuma peke yake liache kabisa. Nitalirudia hapo chini kwa kirefu, maana ndilo linaloweza kukuvunjia gari.

Tuanze na kilichotokea. Tairi la 205/80R16 lina kipenyo cha milimita 734, na la 285/75R16 lina 834. Kila tairi linapozunguka mara moja, gari sasa inakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 13.6, lakini injini ni ileile na meno ya difu ni yaleyale. Nguvu ya kusukuma inayofika ardhini imepungua kwa asilimia 12. Ni kama umeondolewa nusu ya gia katika kila gia. Ndiyo maana ya tatu imekuwa haipandi, na ndiyo maana klachi inanuka: gia yako ya kwanza imekuwa ndefu, inabidi uiteleze klachi muda mrefu zaidi mpaka mzigo uanze kutembea. Usibadilishe klachi kabla ya difu, utaiunguza mpya vilevile.

Reshio ya difu ni idadi ya mizunguko ya propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) kwa mzunguko mmoja wa tairi. 4.10 maana yake kraunwili, gia kubwa ya ndani ya difu, ina meno 41, na pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, meno 10. 4.556 ni 41 kwa 9, 4.875 ni 39 kwa 8, na 5.29 ni 37 kwa 7. Namba ikiwa kubwa, gari inavuta zaidi na injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Wauzaji wengine huandika 4.56 na 4.88, ni vitu vilevile, wamekata desimali tu.

Hesabu ya kurudisha gari ilivyokuwa ni nyepesi: reshio ya zamani mara kipenyo kipya, gawa kwa kipenyo cha zamani. Kwako ni 4.10 × 834 ÷ 734, unapata 4.66. Difu la 4.66 hutalipata, kwa hiyo lazima uende chini kidogo, 4.556, au juu kidogo, 4.875. Hapo ndipo kazi ya gari inapoamua.

Ukitaka kuona tofauti, chukua mwendo wa kilomita 80 kwa saa ukiwa katika gia ya nne, ambayo katika gari hii ni moja kwa moja, yaani propela inazunguka sawa na injini. Mizunguko ya injini kwa dakika ni kilomita kwa saa mara reshio mara 5.305, gawa kwa kipenyo cha tairi kwa mita. Inatoka hivi:

Tairi za zamani na 4.10: karibu 2,370
Tairi mpya na 4.10: karibu 2,090
Tairi mpya na 4.556: karibu 2,320
Tairi mpya na 4.875: karibu 2,480
Tairi mpya na 5.29: karibu 2,690

Kwa gia ya tano zidisha na 0.85, utakuwa karibu sana na ukweli.

Sasa iangalie injini yenyewe. 3L isiyo na tabo inatoa nguvu yake ya kuvuta iliyo kubwa kabisa kwenye mizunguko kama 2,400. Chini ya 1,800 ukiwa na mzigo unaisikia inaguna, na kwa hivi sasa kilomita 80 katika gia ya tano inakuweka karibu 1,770. Gia ya tano yenyewe ni nzima. Imeshushwa tu pahala ambapo injini haina pumzi. Ukitia 4.875, gia ya tano kwa mwendo huo inakuwa karibu 2,110, na ya nne inakaa pale hasa injini inapopenda kufanya kazi.

4.556 ingekurudisha chini kidogo ya ulipokuwa zamani, pungufu ya asilimia 2. Kwenye karatasi hiyo inatosha. Lakini hesabu ya kipenyo haihesabu uzito. Tairi la 285 ni zito kuliko la 205, na uzito huo uko pembezoni, mbali na habu, pahala ambapo injini inaulipia kila unapoondoka na kila unapobadilisha gia. Tairi pana lina msuguano zaidi barabarani, na gari iliyonyanyuliwa inapigwa na upepo zaidi. Ongeza vilima vya Pemba na magunia nyuma. Kwa gari ya kazi isiyo na tabo, kanuni yangu ni kupanda hatua moja juu ya hesabu, si chini yake. 4.875 inakupa karibu asilimia 5 zaidi ya ilivyotoka kiwandani, na asilimia hizo 5 ndizo zitakazobeba uzito wa tairi.

Mtu wa Unguja anayekwenda mjini na Nungwi kwenye lami ya tambarare, gari tupu, ningemwambia achukue 4.556, atumie mafuta kidogo na injini iwe kimya. Wewe huendeshi hivyo.

Na 5.29? Inavutia, maana inavuta asilimia 13 zaidi ya kiwandani. Lakini pinioni yenye meno 7 ina kichwa kidogo zaidi, na meno yanayoshikana kwa wakati mmoja ni machache, kwa hiyo kila jino linabeba zaidi. Aidha 5.29 ni ya watengenezaji wa vipuri vya kubadilishia; hutaikuta kwenye difu kuukuu kutoka Japani, utanunua kraunwili na pinioni mpya na kumtegemea fundi azipange kuanzia mwanzo. Iache kwa wenye tairi za inchi 35.

Kabla hujatoa pesa, hakikisha kwamba lako kweli ni 4.10. Hilux za umbo moja zilitoka na reshio tofauti kwa masoko tofauti, na gari iliyopita mikono mingi inaweza kuwa imeshabadilishwa difu. Iweke gari pahala sawa, ziba tairi za mbele kwa kabari mbele na nyuma, kwa sababu breki ya mkono inashika nyuma tu na nyuma ndiko unakonyanyua. Nyanyua ekseli ya nyuma, uiweke juu ya stendi za chuma; jeki peke yake haitoshi. Gia iwe huru, breki ya mkono iachwe. Tia alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi moja. Mtu mmoja ashike tairi la upande wa pili lisiende kabisa, wewe zungusha lako mara 20 kamili huku mwengine akihesabu propela. Propela ikizunguka mara 41, ni 4.10. Ikiwa 43, ni 4.30. Ikiwa 45 na nusu, ni 4.556. Ikiwa 48 na robo tatu, ni 4.875. Wengi huzungusha mara mbili tu na kukisia. Kwa mizunguko miwili, 4.10 na 4.30 huwezi kuzitenganisha kwa macho. Mbele fanya vivyo hivyo: tairi za nyuma ndizo zizibwe kwa kabari, habu za mbele zigeuzwe kwenye "lock", na transfa (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu mbele na nyuma) iwe kwenye tuwili, yaani kuvuta kwa tairi mbili.

Sasa lile la nyuma peke yake. Ukiingiza fowili, transfa inazifunga propela mbili zizunguke sawasawa, na gari hii haina difu la katikati la kusawazisha. Ukiwa na 4.875 nyuma na 4.10 mbele, tairi za nyuma zikitaka kwenda mita 100, za mbele zinataka kwenda 119 kwa wakati uleule. Haiwezekani. Kwenye lami au barabara kavu, kitu lazima kikatike: jointi ya propela, meno ya transfa, au jointi ya ndani ya ekseli ya mbele. Kwenye matope haitakatika mara moja, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Lakini kwenye matope tairi za mbele zitakuwa zinateleza muda wote, zikilima badala ya kushika, na usukani hautakutii. Yaani siku utakayoihitaji fowili, kwenye utelezi wa udongo mwekundu wa shamba au mchanga wa Vumawimbi, ndiyo siku itakayokuangusha. Kutoitumia kila siku si hoja. Siku moja mtu mwengine ataendesha gari, atavuta ule mkono wa transfa, basi.

Fundi wako ana sababu ya kuikwepa kazi ya mbele, nayo ni ugumu. Nyuma ni kazi ya nusu siku: unamwaga oili, unafungua propela bolti nne, unafungua nati nne za kila upande nyuma ya sahani ya breki, pamoja na bomba la breki na waya wa breki ya mkono, unavuta ekseli nje kidogo, kisha nati 10 za difu, na difu zima linatoka kwa mbele. Lina uzito wa zaidi ya kilo 30, wawe watu wawili. Mbele lazima ufungue habu, breki, na zile duara kubwa za chuma zenye grisi pale usukani unapogeukia, ndipo ekseli zitoke. Itakula siku nzima au zaidi. Ukishafungua hapo, tia seti mpya ya sili na safisha grisi yote, hata kama za zamani hazivuji bado. Sili ya ndani ikipitisha, oili ya difu inachanganyika na grisi, na utarudia kazi yote kwa kitu cha bei ndogo.

Katika ununuzi una bahati moja. Kwa Hilux yenye ekseli ngumu na springi za bapa mbele, difu la mbele na la nyuma ni la inchi 8 yote mawili, na linatoka zima na nyumba yake. Kwa hiyo usinunue kraunwili na pinioni peke yake kama unaweza kupata madifu mawili kamili ya 4.875 kutoka gari zilizokatwa. Difu kamili limepangwa na kiwanda na meno yameshazoeana. Ukilikuta Unguja au Dar, lihesabu meno mwenyewe kabla ya kulipakia melini: 39 kwenye kraunwili, 8 kwenye pinioni. Usiamini rangi iliyoandikwa juu yake. Angalia kila jino kwa tochi. Mng'aro wa sawasawa ni salama. Vidoti vya kutu, ncha iliyomeguka, au ukingo wenye rangi ya buluu ya kuungua, liache. Shika flenji uitikise juu chini: isicheze hata kidogo. Hesabu mifereji kwenye pinioni kama flenji imetolewa, kwa kuwa zipo pinioni za mifereji 27 na za 29, na flenji ya moja haiingii nyengine. Kama flenji ya difu ulilonunua haifanani na ya propela yako, hiyo haraka inatatulika ukiijua mapema.

Hilux za baadaye zenye mbele ya kujitegemea zina difu la mbele dogo zaidi, la aina yake, na haya ya kubadilishana mbele na nyuma hayazihusu.

Ikiwa umeshindwa kupata kamili na ukalazimika kununua kraunwili na pinioni, ziwe jozi moja kutoka kiwandani. Zimesagwa pamoja, kraunwili ya seti moja na pinioni ya nyengine zitavuma kama nzi chupani mpaka zife. Fundi awe na kipimo chenye saa cha kupimia mchezo wa meno, na spana ya kupimia nguvu. Kama hana, mtafute mwenye navyo, hata ikibidi upeleke difu Unguja. Mchezo kati ya meno kwa difu hili ni milimita 0.13 mpaka 0.18, na huo huuoni kwa kidole. Bolti za kraunwili zinakazwa kwa Nm 97. Ile ringi ya kubonyea iliyo kati ya beringi mbili za pinioni hutumika mara moja tu. Ukikaza nati ya pinioni ikapita kipimo, usiilegeze irudi. Toa, tia ringi mpya, anza tena. Kuilegeza ndiko kunakoleta difu linalolia baada ya wiki mbili, kwa sababu beringi zimebaki bila mkazo na pinioni inatembea mbele na nyuma kila unapokanyaga na kuachia mafuta.

Kisha apake rangi ya kuangalia mguso kwenye meno machache, azungushe akiweka kizuizi kidogo, na aangalie alama. Iwe katikati ya jino. Alama ikikaa chini karibu na mzizi, pinioni imeingia mno, shimu (ringi nyembamba ya kurekebishia) ya nyuma ya kichwa chake ipunguzwe. Ikikaa juu kwenye ncha, pinioni iko mbali, shimu iongezwe. Kila shimu ikibadilika, mchezo wa meno unapimwa upya kwa zile nati za pembeni. Fundi anayesema amemaliza difu kwa saa moja hakupima.

Oili iwe ya difu, GL-5, 80W-90 au 85W-90. Kwa joto letu zote zinafaa. Jaza mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia gari ikiwa sawa. Wakati uko huko chini, vuta bomba la pumzi la ekseli zote mbili ulipandishe mpaka juu. Difu lenye moto likiingia maji ghafla linavuta pumzi ndani, na likivuta maji ya chumvi ufukweni, oili inageuka rangi ya maziwa na beringi zinakufa.

Spidomita yako hivi sasa inadanganya kwa hatari: ikisoma 80, unakwenda karibu 91. Ukitia 4.875 itageukia upande wa usalama, ikisoma 80 utakuwa unakwenda kama 76. Hiyo unaweza kuishi nayo.

Kuna mambo difu halitayatibu, na ni haki uyajue kabla hujatumia pesa. Breki ni la kwanza. Tairi kubwa limepunguza nguvu ya breki ardhini kwa asilimia 12 ileile, na reshio ya difu haiirudishi. Difu jipya litakusaidia kushuka mlima kwa gia, injini itazuia zaidi, lakini mzigo na breki kuukuu hazifai pamoja. Tia pedi na viatu vipya, rekebisha viatu vya nyuma, na kama gari ina valvu ya kugawa breki kwa uzito juu ya ekseli ya nyuma, ujue kuipandisha springi kumeipotosha. Inaona gari ni tupu hata ikiwa imejaa, kwa hiyo mkono wake urekebishwe. Hakikisha pia mabomba ya mpira ya breki hayavutiki ekseli ikishuka mpaka mwisho. La pili ni mtetemo. Ikiwa gari inatetemeka unapokanyaga mafuta tangu uinyanyue, hiyo ni pembe ya propela, na dawa yake ni kabari kati ya springi na ekseli. La tatu ni spea. Ukiwa bado na tairi la akiba la 205, usilitie kamwe halafu ukaingiza fowili.

Na kama hizo 285 bado zina soko, lipo chaguo jengine ambalo wabebaji mizigo ya shamba wengi hawalifikirii: 235/85R16. Kipenyo chake ni milimita 806, urefu wa chini ya gari unapungua kwa milimita 14 tu, lakini ni jembamba, linakata tope mpaka kwenye udongo mgumu, na usukani unakuwa mwepesi. Kwa tairi hilo hesabu inatoka 4.50, na hapo 4.556 ndiyo yako bila ubishi. Kwenye mchanga laini pana ni bora, lakini karafuu hazitoki ufukweni.

Difu likishafungwa, safari ya kwanza iwe kama kilomita 25 hadi 30, taratibu, bila mzigo, kisha liache lipoe nusu saa. Kama ni kraunwili na pinioni mpya, usipakie magunia mpaka kilomita 800 za mwanzo zipite, kwa sababu meno mapya yanapata moto sana yakizoeana, na moto huo ukizidi chuma kinapoteza ugumu wake. Baada ya hizo 800 mwaga oili yote na uangalie kilichonata kwenye nati ya chini na kilichotua kwenye beseni. Uji wa kijivu laini kama majivu ni wa kawaida, ufute utie oili mpya. Kipande unachoweza kukishika kwa kucha si cha kawaida. Hapo usiendeshe tena, lifungue.